Kidonda Kisichopona: Mwanamume, Usiionee Haya Saratani ya Uume

NDUGU msomaji, mada ya leo si ile ambayo mtu angependa kuisoma akiwa amebanana na abiria wengine ndani ya matatu ya asubuhi. Ukitaka, likunje gazeti ulitie mkobani, uisome jioni ukiwa nyumbani. La muhimu ni uisome hadi mwisho, uwe mume au mke, kwa maana ugonjwa huu huwaua watu ambao wangeweza kupona, na silaha yake kubwa ni haya.

Nianze na mzee mmoja niliyemtibu hapa Kitengela. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Alikuwa na umri wa miaka 54, mlinzi wa usiku katika ghala moja upande wa Athi River. Aliingia chumbani mwangu, akaketi, akasema anaumwa na mgongo. Nilimpima mgongo nisione kitu. Nikamwandikia dawa ya maumivu. Alipofika mlangoni alisita, akaufunga mlango, akarudi na kusema kwa sauti ya chini: "Daktari, si mgongo. Kuna kitu huku chini."

Kitu hicho alikuwa nacho kwa miezi kumi na mmoja. Kilianza kama kipele kidogo chini ya govi, hakiumi wala hakiwashi. Alinunua mafuta ya kupaka katika duka la dawa, kisha vidonge, kisha akadungwa sindano za kaswende na mtu aliyeambiwa ni hodari. Mkewe alipoziona dawa zile aliamini kuwa mumewe amemletea ugonjwa kutoka nje. Ugomvi ukaingia nyumbani, na mzee akahamia kulala sebuleni. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyekiona kidonda kile ila yeye mwenyewe. Siku niliyokiona mimi, kilikuwa kimekula sehemu kubwa ya kichwa cha uume, na kwenye kinena kulikuwa na mtoki mgumu kama kokwa.

Mzee huyu hakuwa na kaswende. Alikuwa na saratani ya uume. Angalikuja mwezi wa kwanza, huenda angetahiriwa tu na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

UGONJWA GANI HUU?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Seli za ngozi huzaliwa, huzeeka, hufa na kupukutika, nyingine zikachukua mahali pake. Utaratibu huu ukiharibika, seli huanza kuzaana ovyo bila kujali mipaka. Hiyo ndiyo saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita.

Katika uume, karibu kila mara saratani huanzia kwenye tabaka la juu la ngozi. Ndiyo maana huonekana na kushikika mapema. Saratani ya ini au ya kongosho hujificha ndani kwa miezi mingi, lakini hii iko mahali ambapo mwenyewe hupaona kila siku anapooga na kila anapokwenda haja ndogo. Mara nyingi huanzia kwenye kichwa cha uume au upande wa ndani wa govi, ni mara chache kuanzia kwenye shina.

Ikiachwa, hula nyama kuelekea ndani hadi kwenye misuli inayosimamisha uume na kwenye njia ya mkojo. Wakati huo huo seli zake husafiri kupitia mishipa midogo ya majimaji hadi kwenye tezi za kinena. Kutoka kinenani huingia kwenye tezi za ndani ya nyonga, na mwishowe hufika mapafuni, kwenye ini au kwenye mifupa. Kwa kawaida hufuata njia hiyo hatua kwa hatua, na daktari akiwahi kituo cha kwanza anaweza kuikatiza safari.

NI NADRA, LAKINI IPO

Sitaki kukutia hofu bure. Saratani hii si ya kila siku. Kwa makadirio ya taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 wanaume wapatao 36,000 duniani kote waligunduliwa kuwa nayo, na wapatao 13,000 walifariki. Linganisha na saratani ya tezi ya kibofu, ambayo mwaka huo huo iliwapata wanaume zaidi ya milioni 1.4.

Lakini haikugawanyika sawa. Iko chache sana katika nchi tajiri na kwa watu wanaotahiri watoto wachanga. Ni nyingi zaidi katika sehemu za Afrika, Asia na Amerika Kusini. Jirani zetu wa Uganda wanaijua vyema. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa miongoni mwa saratani zilizowapata zaidi wanaume wa nchi hiyo. Mwaka 1963 madaktari Dodge na Linsell walichapisha utafiti uliolinganisha Uganda na Kenya, na tofauti waliyoiona ilikwenda sambamba na desturi ya tohara: palipo na tohara ugonjwa ulikuwa adimu. Mwaka 1966 daktari mpasuaji Sebastian Kyalwazi wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya wagonjwa 153 waliolazwa hapo. Kwa hiyo si ugonjwa mpya, wala si ugonjwa wa Wazungu.

Wengi wanaougua wana umri wa zaidi ya miaka 50. Hata hivyo katika nchi zetu, hasa tangu ukimwi uingie, tunawaona pia wenye miaka 30 na 40.

CHANZO CHAKE

Hakuna kisababishi kimoja. Yapo mambo kadhaa ambayo humwongezea mtu hatari.

Kwanza ni govi linalobana. Wapo wanaume ambao govi lao halivutiki nyuma hata wakiwa watu wazima. Chini yake hukusanyika utando mweupe wenye harufu, mkojo na wadudu wa maradhi. Ngozi huvimba na kuwashwa mwaka nenda mwaka rudi. Ngozi inayojeruhiwa na kujitengeneza bila kupumzika iko hatarini kugeuka saratani. Tena govi la namna hiyo huficha kidonda, na mwenyewe hakioni mpaka kiwe kimekua.

Pili ni virusi vya HPV. Ni jamii kubwa ya virusi ambavyo huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Vingine huleta masundosundo tu. Vingine, hasa aina ya 16 na ya 18, huvuruga seli hadi zikawa saratani. Daktari Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeonyesha uhusiano wa virusi hivi na saratani ya mlango wa kizazi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo hivyo hupatikana katika karibu nusu ya saratani za uume. Tafadhali usiharakishe kumhukumu mtu hapa. HPV ni virusi vinavyowapata watu wengi sana wakati fulani wa maisha yao, wakiwemo waliokuwa na mwenzi mmoja tu, na aghlabu mwili huvifukuza wenyewe. Tena nusu ile nyingine ya wagonjwa hawana virusi hivi kabisa.

Tatu ni sigara. Sumu za moshi huingia kwenye damu na kufika kila mahali, hata huko. Mvutaji ana hatari kubwa kuliko asiyevuta.

Nne ni kinga dhaifu ya mwili. Mwenye virusi vya ukimwi hushindwa kuifukuza HPV. Anayemeza dawa zake kila siku huipa kinga yake nafasi ya kupigana.

Tano ni ugonjwa wa ngozi ambao huifanya ngozi ya kichwa cha uume kuwa nyeupe, ngumu na yenye makovu. Hauna maumivu makali, na wengi huupuuza. Ukiona mabaka meupe yanayokaza ngozi, nenda upimwe.

TUNATAHIRI, KWA HIVYO TUKO SALAMA?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi hapa Kajiado. Jirani Mmaasai huniambia: "Daktari, sisi tuna emuratare, ugonjwa huo hauwezi kutufikia." Jibu langu ni kwamba ana haki kwa sehemu kubwa, si kwa yote.

Tohara ya utotoni huipunguza sana hatari hii. Tohara ya ukubwani husaidia pia, lakini kinga yake kwa saratani hii ni ndogo zaidi, kwa sababu ngozi imekwisha kupitia miaka mingi ya uvimbe au imekwisha kukutana na virusi. Anayetahiriwa akiwa na miaka 45 asidhani kwamba amefuta yaliyopita.

Jambo la pili, tohara zote si sawa. Kwa desturi ya Wamaasai, na pia Wakikuyu wa zamani, govi halikuondolewa lote. Kipande cha ngozi kiliachwa kikining'inia upande wa chini. Sisemi desturi hiyo ni mbaya. Nasema tu kwamba mwenye ngozi hiyo aioshe na kuitazama kama ambavyo mwenye govi angefanya.

Na Kitengela ya leo ni mji wa watu wa kila kabila, na wengine wa kutoka nje ya nchi. Wamo waliotahiriwa utotoni, wamo waliotahiriwa ukubwani katika kampeni zilizoanza nchini mwaka 2008, na wamo ambao hawajatahiriwa. Kampeni hizo zilifuata utafiti uliofanywa Kisumu, Rakai nchini Uganda, na Orange Farm nchini Afrika Kusini, ulioonyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke kwa asilimia 60 hivi. Uchunguzi zaidi wa Rakai na Orange Farm ulionyesha kuwa hata maambukizi ya HPV yalipungua. Lakini kupungua si kwisha. Aliyetahiriwa akiona kidonda kisichopona, asijifariji.

DALILI ZA KUANGALIA

Saratani ya uume huanza kimya. Mara nyingi haiumi mwanzoni, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Angalia mambo haya:

• Kidonda, kipele au uvimbe usiopona kwa majuma matatu au manne.
• Nyama inayoota kama ua la koliflawa au kama sugu ngumu.
• Doa jekundu lenye kung'aa kama makamasi, au ngozi iliyobadilika rangi na kuwa nene.
• Damu au uchafu wenye harufu mbaya unaotoka chini ya govi.
• Govi lililokuwa likivutika nyuma vizuri, sasa halivutiki.
• Mtoki au uvimbe mgumu kwenye kinena, upande mmoja au pande zote mbili.

Hata ukiwa na dalili moja kati ya hizi, usihitimishe kuwa una saratani. Wengi wanaokuja kwangu nazo huwa na jambo jingine linalotibika kwa urahisi. Lakini hilo husemwa na aliyekupima, halisemwi na rafiki wala muuza dawa.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAYO

Kaswende huleta kidonda kisichouma. Pangusa huleta kidonda kinachouma sana. Malengelenge ya zinaa huja na vipele vya majimaji vinavyochoma, hupona na kurudi. Masundosundo huota kama vichunjua. Fangasi huleta wekundu na kuwashwa, hasa kwa mwenye kisukari, na wapo wanaume niliowagundua kuwa na kisukari kwa sababu ya fangasi wa govi.

Hapa sina budi kuungama. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga katika zahanati moja nisiyoitaja, alinijia kijana dereva wa lori la mchanga. Govi lake lilikuwa limebana na uchafu ulikuwa ukitoka. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimdunga sindano, nikampa vidonge, nikamwambia arudi asipopata nafuu. Sikuona kilichokuwa chini ya govi lile, kwa kuwa halikuvutika, wala sikumpeleka kwa mpasuaji alikate ili tuone. Alirudi baada ya miezi saba, na mtoki ulikuwa umepasuka. Alifariki kabla ya mwaka kwisha, akaacha mke na watoto wawili. Tangu siku hiyo nina sheria mbili ambazo nawasihi wenzangu wa zahanati wazishike. Ya kwanza: usitibu usichokiona. Ya pili: kidonda kilichotibiwa ipasavyo mara moja kikakataa kupona kwa mwezi mmoja, kikatwe kipande kipimwe.

Nawe msomaji, una haki ya kusema: "Daktari, nimemaliza dawa na sijapona. Naomba kipimo cha nyama." Hakuna daktari wa kweli atakayekasirika.

UTAPIMWAJE?

Kwanza utaulizwa maswali. Kidonda kilianza lini? Umetumia dawa gani? Unavuta sigara? Sema kweli yote, maana haya yako hayatoki nje ya chumba kile. Kisha utatazamwa na kushikwa, uume wenyewe na vinena vyote viwili. Hatua hii huchukua dakika tano. Ukitaka apimaye awe mwanamume, omba. Ukitaka mkeo awepo, sema.

Kipimo cha hakika ni biopsi. Sehemu hutiwa ganzi, kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara, ambapo mtaalamu hukitazama kwa darubini. Wapo wanaodai kwamba saratani ikiguswa kwa kisu inasambaa. Hilo limewapeleka wengi kaburini. Biopsi haisambazi saratani hii. Bila biopsi hakuna daktari anayepaswa kukukata kiungo.

Pamoja na hayo utapimwa damu, kaswende na virusi vya ukimwi, na kwa wengine hufanywa skani ya tumbo, nyonga na kifua ili kujua ugonjwa umefika wapi. Mtoki nao unaweza kuchomwa sindano nyembamba kuvuta seli. Si kila mtoki ni saratani, mwingine ni uambukizo wa kidonda chenyewe. Lakini pia si kila kinena laini kiko salama: hadi mgonjwa mmoja kati ya wanne ambao tezi zao hazishikiki huwa tayari wana chembe za saratani humo. Kwa sababu hiyo daktari anaweza kupendekeza tezi zichunguzwe hata pasipo na uvimbe.

KUWAHI NA KUCHELEWA

Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ugonjwa ukikutwa ungali uumeni peke yake, karibu wagonjwa wanane kati ya kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Ukiwa umeingia kwenye tezi za karibu, ni karibu nusu. Ukiwa umefika viungo vya mbali, ni karibu mmoja kati ya kumi. Zisome tena hesabu hizo. Miezi ile unayoitumia kujificha ndiyo inayokuhamisha kutoka kundi la kwanza hadi la mwisho.

MATIBABU

Matibabu hutegemea ugonjwa ulipofika.

Ukiwa bado juu ya ngozi, kuna dawa za kupaka zinazoua seli hizo kwa majuma kadhaa, chini ya uangalizi wa daktari. Mahali pengine hutumika mwali wa leza. Ukiwa kwenye govi tu, tohara yaweza kutosha, kisha mgonjwa akafuatiliwa.

Ukiwa umeingia kwenye kichwa cha uume, mpasuaji hukata sehemu iliyoathirika pamoja na ukingo mdogo wa nyama nzima. Zamani ilidhaniwa lazima ukingo huo uwe sentimita mbili. Siku hizi inajulikana kwamba milimita chache zinatosha mara nyingi, na kwa hiyo wengi huachiwa urefu wa kutosha kukojoa wakiwa wamesimama na kukutana na wake zao.

Ukiwa umekula shina lote, uume huondolewa wote na njia ya mkojo hufunguliwa nyuma ya korodani, mgonjwa akawa anachuchumaa kukojoa. Ni habari nzito kumpa mwanamume yeyote. Nimewahi kuwapa wawili. Mmoja alikataa akaenda zake, sikumwona tena. Wa pili alinyamaza muda mrefu kisha akauliza: "Daktari, nitamwona mjukuu wangu akiingia shule?" Alimwona.

Tezi za kinena zikiwa na saratani nazo huondolewa. Upasuaji huo huweza kuleta uvimbe wa mguu na kidonda kinachochelewa kupona, lakini ndio unaookoa maisha ya wengi. Mionzi hutumika kwa baadhi ya wagonjwa badala ya kisu, au baada yake. Dawa za kuua seli za saratani, zile tunazoita kemo, hutumika hasa tezi zikiwa kubwa, ili kuzipunguza kabla ya upasuaji, au ugonjwa ukiwa umesambaa. Na pale ambapo kupona hakuwezekani tena, bado kuna tiba: kuondoa maumivu, kusafisha kidonda, kuzuia harufu, na kumpa mgonjwa heshima yake hadi mwisho.

Na dawa za miti? Supu ya mifupa yenye olkiloriti haina ugomvi nami, inywe. Lakini usipake majani, majivu, mafuta ya gari wala asidi juu ya kidonda. Yote hayo nimeyaona. Huchoma ngozi nzima, na saratani hubaki chini yake ikiendelea.

MAISHA BAADA YA KISU

Wanaume huniuliza swali hili wakitazama sakafu: je, nitakuwa bado mwanamume? Homoni za kiume hutengenezwa kwenye korodani, si kwenye uume. Korodani zikiwa salama, sauti haibadiliki, ndevu hazikatiki, hamu haitoweki. Aliyekatwa sehemu anaweza kusimamisha, kufika kilele na kuzaa. Asiyebakiwa na kitu anahitaji muda, mshauri na mwenzi mvumilivu. Huzuni baada ya upasuaji ni kitu cha kawaida. Usiinyamazie. Mwambie daktari, maana nayo hutibiwa.

Nawe mama, nina maneno yako. Saratani haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kulala kitanda kimoja na mumeo, wala kwa kumwosha kidonda. Virusi vya HPV ndivyo huambukizwa, na pengine nyote mnavyo, kwa hiyo nenda ukapimwe mlango wa kizazi. Wala usikimbilie kumshutumu. Mke wa yule mzee niliyeanza naye alikuja na mumewe siku ya matokeo. Nilipomweleza kwamba halikuwa gonjwa la zinaa, alilia, kisha akamwambia: "Baba Njeri, ungeniambia tu." Jina hilo si lake, lakini maneno ni yake. Yeye ndiye aliyemsindikiza Nairobi kila mara. Mzee alikatwa sehemu ya uume na tezi za kinena, akapewa kemo. Ni mwaka wa nne sasa. Mguu mmoja huvimba jioni, lakini bado analinda ghala.

Baada ya matibabu, mgonjwa hurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Usiruke siku hizo kwa sababu unajiona mzima. Ugonjwa ukirudi, hurudi zaidi katika miaka hiyo miwili.

JIKINGE

1. Oga na uoshe chini ya govi kila siku. Najua maji ya Kitengela hununuliwa kwa mtungi, lakini kikombe kimoja chatosha. Vuta govi nyuma taratibu, osha, kausha, kisha lirudishe mbele. Usipolirudisha huweza kukaza na kuvimba.

2. Mtoto mdogo usimvute govi kwa nguvu. Kwa umri wake ni kawaida liwe limeshikana. Litaachana lenyewe akikua.

3. Govi linalobana kwa mtu mzima lipelekwe hospitali. Tohara ifanywe na mtaalamu, kwa vifaa safi. Wazee wa jando, kila kijana na wembe wake.

4. Acha sigara.

5. Tumia kondomu. Haizuii HPV yote, lakini huipunguza.

6. Jua hali yako ya ukimwi, na ukiwa navyo virusi, meza dawa.

7. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kwa wasichana nchini Oktoba 2019, kuanzia umri wa miaka 10. Mpeleke binti yako. Msichana asiyeambukizwa hatamwambukiza mumewe, hivyo unamkinga pia mkwe wako.

8. Mara moja kwa mwezi, ukioga, jitazame na ujishike vinena. Ni dakika mbili.

UENDE WAPI?

Usianze na duka la dawa. Ukiwa Kitengela, Hospitali ya Kitengela ni hatua ya kwanza nzuri. Aliye Isinya, Bisil au Namanga anaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Huko utapimwa, na ikibidi uandikiwe barua ya rufaa kwa daktari mpasuaji wa njia ya mkojo. Matibabu ya mionzi hupatikana Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Beba barua yako, majibu ya biopsi na kitambulisho, na usiviache nyumbani hata mara moja.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya ile NHIF ya zamani, na saratani imo katika huduma zake. Lakini humlipia aliyejiandikisha na ambaye michango yake iko sawa. Jiandikishe ungali mzima. Ukiwa tayari unaumwa, uliza dawati la SHA hospitalini kiwango kilichopo, kisha mpange na familia nauli na siku za kukaa Nairobi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Usiku huu ukioga, jitazame. Ukiona jambo usilolielewa, kesho njoo hospitali. Na ukishaingia chumbani kwa daktari, usimwambie ni mgongo.